Siku tuliyorudisha lori la zege

Juzi kwenye intavyuu ya kazi hapa kwenye kampuni yetu ya uhandisi wa majengo, kijana mmoja akatugeuzia swali, akauliza, hivi nyie mlikuaje mpaka mkafika hapa. Mwenzangu akamjibu vizuri tu, mambo ya kujenga jina, kuajiri taratibu, kutokukimbilia kazi kubwa. Mimi nikanyamaza, maana kichwani ilishakuja ile balkoni.

Enzi hizo tulikuwa wawili na mchoraji mmoja, na zaidi ya nusu ya kazi zetu zilitoka kwa mteja yuleyule. Najua, usimtegemee mteja mmoja, wote tumeambiwa, lakini kampuni changa haina ubavu wa kuchagua, unamshika aliyekuja, halafu mchoraji anataka mshahara kila mwisho wa mwezi wakati invoisi yako wanakwambia siku 60, na zikifika 90 unaambiwa mhasibu kasafiri. Hesabu za mihimili hazijawahi kuninyima usingizi kama hilo pengo.

Sasa siku yenyewe. Nafika saiti asubuhi, lori la kwanza la zege limeshaingia, lile pipa linazunguka, pampu imeshatandazwa, mafundi wako juu wananisubiri mimi tu nisaini waanze kumwaga. Ukaguzi tulishafanya, kila kitu kilikuwa sawa, ila tangu hapo watu walikuwa wamepitapita juu ya zile nondo na mabomba na nyaya na toroli zao. Nikatembea mpaka kwenye balkoni. Nilipokanyaga nikasikia nondo inabonyea. Haitakiwi kubonyea.

Nikachuchumaa, nikatoa tepu, nikapima kutoka kwenye mbao za chini, zile zinazobeba zege bichi, mpaka katikati ya nondo. Milimita 79. Slabu ilikuwa ya unene wa 150, kava, yaani zege la kufunika nondo kwa juu, 25, nondo za 12, nusu yake 6, kwa hiyo hapo nilitakiwa nisome 119. Nikapima pengine, ileile. Nikainua nondo kwa mkono kuangalia chini yake, vile vigoda vya kuzishikilia juu vilikuwa vimelala, na sehemu nyingine havipo kabisa, mtu kavichomoa kapitisha bomba lake.

Kwa wasio wa fani: balkoni ya aina ile imetokeza hewani bila nguzo mbele, kwa hiyo inapotaka kuinama, upande wa juu ndio unaovutwa, hasa pale inaposhikana na nyumba. Zege linavumilia sana kugandamizwa ila kwenye kuvutwa ni dhaifu, kama sehemu moja ya kumi ya ile nguvu. Kazi ya kuvutwa inafanywa na chuma, na chuma lazima kiwe juu. Kikishuka milimita 40 unapoteza theluthi ya nguvu na ushee, na ukishamwaga hakuna atakayekiona tena.

Fomani akaja, mtu mzima, kaanza ujenzi mimi niko shule ya msingi. "Injinia, tatizo nini?" Nikamwonyesha tepu. Akaangalia, akaangalia lori, akasema basi tumwage slabu ya ndani, balkoni tuiache, tutaimalizia kesho. Nikamwambia hapana mzee wangu, ukikata zege pale kwenye shina la balkoni umeweka kiungo mahali penye nguvu kubwa kuliko pote. Akanyamaza. Alikuwa anajua, nadhani alitaka tu kuona kama na mimi najua.

Huku chini dereva anapiga honi. Zege la kiwandani hesabu ya kawaida ni saa moja na nusu tangu lichanganywe liwe limeshashuka, na kijana wa pampu akaanza kusema si waongeze maji kidogo litavumilia. Mwaka 1918 huko Chicago Duff Abrams alishaonyesha kwamba kadiri maji yanavyozidi saruji ndivyo zege linavyopungua nguvu, na miaka yote hii kila saiti lazima awepo mtu mwenye ndoo.

Simu ikalia, mteja. Sikumbuki maneno yote ila hili nalikumbuka: "Injinia, mimi nakulipa unisaidie, sio unisimamishie kazi." Nikamwambia sisaini. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na mafundi wote wamesimama wananitazama, nimeshika tepu kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau kilichompeleka. Akakata simu. Lori likaondoka.

Nondo zikarekebishwa hadi jioni, zege likamwagwa kesho yake, balkoni ipo mpaka leo na watu wanaanika nguo.

Usiku ule mwenzangu alikaa na laptopu akapiga hesabu kwa kile kipimo cha 79, na akanigeuzia skrini. Ukiondoa vipengele vyote vya usalama, yaani mzigo uchukue ulivyo na chuma kama kilivyo, ilikuwa inasimama. Kwa shida, ingeinama, ingepasuka nyufa, ila inasimama. "Umetupotezea mteja kwa kitu kinachosimama," akasema. Nikamwambia vile vipengele vya usalama sio vya kwetu kuvitumia, vimewekwa kwa ajili ya mambo tusiyoyajua. Akaniuliza, na mshahara wa mchoraji tunaujua? Hapo sikuwa na jibu, na nisidanganye, mpaka leo sina zuri. Kuna siku naona nilisimamia taaluma, kuna siku naona niliogopa tu ule mhuri wenye jina langu.

Mteja alikata gharama ya lori kwenye invoisi yetu, iliyobaki hakulipa, na kazi hakuleta tena. Tukaishi kwa vikazi vidogo vidogo, minara ya matangi, kukagua michoro ya wengine, nyufa za watu. Kiajabu vikazi hivyo ndivyo vilivyotukuza, maana wenye nyufa wanalipa haraka. Kwenye mikataba yetu kuna kifungu cha ukaguzi wa pili wa nondo asubuhi ya kumwaga, unalipiwa. Aliyekiandika ni mwenzangu.

Halafu miaka ikapita, yule mteja akarudi, na kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona. Mwenzangu akamkatalia kwa imeili ya mistari miwili. Nikadhani ni kwa ajili ya balkoni, nikaguswa kabisa. Kumbe ni ile invoisi, alikuwa bado anayo kwenye droo.

Mimi nilitaka tuichukue.