Clayton Kratz, kijana aliyebaki Halbstadt

Misaada ambayo Clayton Kratz, kijana Mmarekani wa kanisa la Wamennonite, alitumwa kuigawa haikumfikia. Nianze na hilo, maana kila anapotajwa kanisani husifiwa kuwa aliwalisha wenye njaa. Hakuwalisha. Alikamatwa Halbstadt, kusini mwa Ukraine, mwishoni mwa mwaka 1920, shehena ikiwa bado ng'ambo ya Bahari Nyeusi, na hakuonekana tena.

Mimi ni Mmennonite wa Musoma, na kazi yangu kanisani ni stoo. Miaka ya ukame, mahindi ya msaada yanapofika, funguo ninazo mimi, na lawama pia ni zangu. Kwa hiyo habari za Kratz nazisoma kwa jicho la mtunza stoo, na kwa jicho hilo naona mambo ambayo wahubiri huyaruka.

Alizaliwa mwaka 1896 katika familia ya wakulima huko Blooming Glen, Pennsylvania. Mwaka 1920 alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza masomo Goshen College, Indiana. Kiangazi hicho wajumbe wa Wamennonite wa iliyokuwa dola ya Urusi, Ukraine ikiwa ndani yake, walifika Marekani wakaeleza yaliyowapata ndugu zao: vita vya wenyewe kwa wenyewe, mauaji vijijini, homa ya chawa. Wamennonite wa Marekani, ambao hawakuwa na kawaida ya kukubaliana kwa lolote, walikutana Elkhart mwezi Julai wakaunda kamati moja. Ndiyo MCC (Mennonite Central Committee), shirika la misaada hili tunalolijua. Septemba vijana watatu walipanda meli New York kwenda Constantinople, yaani Istanbul ya leo: Orie Miller, Arthur Slagel na Kratz. Slagel alibaki mjini humo; wenzake wawili wakavuka kwenda Krimea, kisha bara hadi Molotschna, eneo la vijiji vya Wamennonite, ambako Halbstadt ndicho kilikuwa kijiji kikubwa.

Tusisahau waliokwenda kusaidiwa walikuwa akina nani. Walikuwa wakulima wenye asili ya Kijerumani, wamekaa pale zaidi ya miaka 100, wenye ardhi nzuri na vinu vya kusaga, huku majirani wengi wakiwafanyia vibarua. Chuki ilikuwapo kabla ya vita. Vita vilipokuja, ilipata silaha.

Miller aligeuka kwenda Constantinople kufuata vitu. Kratz akabaki kuandaa ugawaji, na hapo ndipo ninapomwelewa. Watu hudhani msaada unaanza lori linapopiga honi. Unaanza wiki kadhaa nyuma, na daftari. Nani mjane kweli, nani ana ng'ombe kawaficha kwa shemeji, kaya ipi imeandikwa mara mbili, kwa jina la mume na kwa jina la mkwe. Kazi hiyo huwezi kuifanya ukiwa mbali. Ukiipuuza, chakula kikifika wanakula wenye nguvu.

Jeshi Jekundu la Wakomunisti lilipovunja safu za ulinzi na kushuka kusini, wenyeji walimshauri aondoke. Hakuondoka. Mahubiri husema ni ushujaa, nami sibishi, ila nadhani kuna jambo jingine la kawaida zaidi: ukishaingia kijijini ukawaambia watu chakula kinakuja, ni vigumu kupakia begi kabla hakijafika. Utawaangalia usoni vipi? Tena huenda aliamini kuwa mtu wa misaada hana adui. Lakini yeye na Miller walikuwa wameingia kupitia eneo la Jenerali Wrangel, kamanda wa Weupe waliopigana na Wakomunisti, kwa ruhusa ya upande wake. Kwa askari Mwekundu, huyo alikuwa Mmarekani aliyekuja na adui. Walimkamata, wakamwachia, wakamkamata tena. Miller alipojaribu kurudi mwezi Novemba, jeshi la Wrangel lilikuwa linaikimbia Krimea kwa meli. Ilibidi ageuze.

Kuingia tena kulichukua zaidi ya mwaka. Mtu aliyekaa mezani na serikali ya Moscow alikuwa Alvin Miller, ambaye si wa ukoo wa Orie. Jina la Miller kwa Wamennonite wa Marekani ni kama Marwa kwetu Mara. Alipata mkataba Oktoba 1921, na majiko yakafunguliwa Ukraine mwaka 1922, njaa ikiwa imeshakuwa mbaya kupita ile aliyoiona Kratz. Mwezi Mei waliokuwa wakila kwa siku walifika 25,000, na Slagel alikuwa huko akiyasimamia. Kinachonifurahisha mimi ni matrekta. Farasi walikuwa wamechukuliwa na majeshi, wengine wameliwa, kwa hiyo kamati ilipeleka matrekta 50 ya Fordson pamoja na majembe yake. Nimeona mahindi mengi ya msaada maishani. Trekta la kulimia msimu unaofuata sijaliona.

Na Orie Miller? Alirudi Pennsylvania kwenye biashara yake ya viatu, akawa pia kiongozi wa MCC kwa miaka mingi na katibu wa bodi ya misheni. Ndiye huyo huyo aliyekuja Tanganyika pamoja na mmisionari Elam Stauffer kutafuta mahali pa kuanzia kazi, wakapata Shirati mwaka 1934. Sisi tukisimulia historia ya kanisa letu huanza na mwaka huo, kana kwamba wazee hao walishuka kutoka mawinguni. Mmoja wao alikuwa amemwacha mwenzake Halbstadt miaka 14 tu nyuma, akiwa amemuahidi kurudi na vitu.

Sisemi Shirati ni matunda ya Halbstadt. Ushahidi wa hilo sina. Lakini Miller alirudi Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, akakaa na wazee wetu, akala nao. Kama kuna mtu wa Shirati au Bukiroba aliyesikia kwa wazazi wake mazungumzo ya ziara hizo, naomba aniandikie. Nataka kujua kama Miller aliwahi kulitaja jina la Kratz mbele yao, na kama alilitaja, alisema nini.