Kadi ya kliniki nimeibeba mimba nzima bila kuisoma

Mi niko Njombe, tunalima viazi na mahindi, kwetu chakula hakikosekani, ndo maana siku naambiwa mwanangu wa kwanza ana udumavu, yaani mfupi kuliko umri wake, niliona kama nimetukanwa. Alikuwa na miaka 2 na urefu sentimita 79. Mashavu yamejaa, kila kliniki naangalia kilo tu narudi nyumbani nimefurahi, urefu hakuna aliyempima mpaka siku hiyo na mi sikujua kama natakiwa kuuliza.

Mimba ya pili nikasema kadi hii naisoma yote, nisichoelewa nauliza hata foleni ikinuna. Nikaanza kliniki kabla ya wiki 12, ile ya kwanza nilienda na tumbo la miezi mitano. Wingi wa damu ukaandikwa 9.4, nikamwambia nesi dada samahani hii 9.4 maana yake nini, akasema mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Nafika nyumbani natoa kadi ya zamani, imeandikwa 9.1!! Imekaa kwenye mkoba wangu miezi yote ile, nililia.

Vile vidonge vya kuongeza damu nilikuwa naviacha kabatini maana vilinitibua tumbo na choo kikawa cheusi nikaogopa. Kumbe choo cheusi ni kawaida, nikaambiwa nimeze usiku baada ya kula ndo nilale, na chai nisinywe karibu na chakula wala vidonge kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mi chai ilikuwa kila mlo. Nikaihamisha, nikaongeza maharage, dagaa, mboga na chungwa pembeni. Mimba ya miezi nane damu 11.3.

Mayai ndo yalikuwa na kesi. Mama mkwe akasema mwanangu ukila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Sikubishana, nikamwambia mama naomba unisindikize kliniki, akakaa akamsikiliza nesi mwenyewe, toka siku hiyo mayai ya kuku wake ananitunzia yeye.

Ila kwa kweli kilichomponza mkubwa ni shamba. Baada ya maziwa ya miezi 6 nilimwacha na mdogo wangu wa miaka 9 toka asubuhi mpaka jioni, kiporo na uji mwepesi mara mbili basi. Utafiti wa 2022 ulionyesha Njombe waliodumaa chini ya miaka 5 ni asilimia 50.4, nchi nzima 30, na watu wanashangaa mkoa wenye chakula imekuwaje, mi nikifikiria zile siku za palizi sishangai. Huyu wa pili nikaenda naye shamba, chupa ya uji mzito wenye karanga za kusaga, parachichi namponda palepale, anakula mara tatu mpaka nne, na baba yake akakubali tupumzike saa nne ili mtoto ale, hata kama jirani kashatuacha mistari miwili mbele.

Juzi katimiza miaka 2, nikaomba mwenyewe wampime urefu, sentimita 85.

Mkubwa yuko darasa la kwanza sasa, anakaa mbele. Nesi alinambia urefu uliopotea si rahisi kurudi wote, lakini bado anakua, kwa hiyo yai la asubuhi nae anapata.