Mashua ya Mjomba na Maji ya Mvua

Mjomba alipoacha bahari aliniachia mashua yake ya futi 24. Ilikuwa imelala Sahare, hapa Tanga, misimu miwili bila kuguswa. Useremala naujua, vitanda na makabati nimeunda mengi, lakini chombo cha baharini sikuwahi kukitia patasi.

Januari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, tulingoja bamvua la mwezi mpevu, bahari inapojaa kupita siku nyingine, tukaivuta juu ya mchanga kwa magogo. Nilijipa siku 14, mpaka bamvua la mwezi mwandamo, kwa kuwa maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua mbili, hayafiki pale.

Pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, nilishanunua. Niliamini inavujia kwenye maungio ya chini, basi. Akapita mzee mmoja, fundi wa vyombo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba kisu. Chini hakuangalia. Alipanda ndani, akaenda tezi, yaani nyuma, akaanza kuchoma mataruma, zile mbavu za chombo, moja baada ya jingine. La tatu, kisu kikazama hadi mpini.

"Mwanangu, hii si kazi ya bahari," akasema. "Chumvi huhifadhi mti. Hii ni mvua."

Nikapekua, nikaona kweli. Matundu ya kupitishia maji chini ya mataruma yalikuwa yamezibwa na mchanga na magamba ya samaki. Mvua ya misimu miwili ilituama humo, na kuvu wanaoozesha mti hustawi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mataruma matatu yameoza, mbao mbili zilizoyashikilia nazo zimelegea, misumari imeliwa na kutu. Pamba yote ningeitia, na bado ingevuja.

Taruma ndilo lililonifundisha zaidi. Mimi nilitaka kulichonga kutoka kwenye ubao mnene ulionyooka. Mzee akakataa: ukikata mpindo kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika katikati ya mpindo, na hapo ndipo litakapovunjika wimbi likipiga. Tulitafuta matawi ya mkwaju yaliyopinda yenyewe. Nikakata kigezo cha boksi, nikakipachika ndani ya mashua mpaka kikakaa sawa, ndipo nikashika tezo, kishoka cha kuchongea. Taruma la kwanza lilinichukua siku tatu. La mwisho, siku moja.

Mbao nilipata za mtiki, wa upande wa Muheza, kuliko na shamba la miti la Longuza. Kila msumari ulitobolewa njia kwanza, tundu jembamba kuliko msumari wenyewe, ukazungushiwa uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa, ukapigwa kutoka nje, ncha ikakunjwa ndani.

Bamvua la mwezi mwandamo likaja, likaondoka, sijamaliza. Nikangoja la pili.

Kalafati nayo nilirudia. Nilikuwa nimeshindilia pamba kwa nguvu zote, mzee akanitolesha yote. Ubao ukinywa maji huvimba, na pamba iliyobanwa kupita kiasi huzisukuma mbao zikaachana.

Nikaongeza mambo mawili ambayo mjomba hakuwa nayo. Sakafu ya mbao nyembamba zinazong'oka, kati yake nafasi ya kidole, ili niweze kufikia matundu yale bila kubomoa kitu. Na turubai lililoinamishwa juu ya mti, wazi tezi na omo, yaani nyuma na mbele, upepo upite chini yake. Ukilifunika chombo gubigubi, unyevu hubaki ndani na mti huoza vilevile.

Usiku wa kwanza majini, maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Moyo ulinienda mbio. Mzee akaniambia niiache inywe. Siku ya tatu nilikomba maji kwa kopo moja tu.

Masika yalipoingia, kila mvua ikikatika nilishuka Sahare, nikainua sakafu, nikapitisha kijiti kwenye kila tundu. Mataruma ya zamani yaliyobaki nimeyachoma yote kwa kisu kilekile. Hakiingii.