Kalenda, madeni na giza la dagaa

Nanunua dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nawauzia wanaosafirisha mikoani. Daftari langu la madeni lina safu mbili za tarehe. Ya kwanza ni ya kawaida, 5/9, 12/10. Ya pili naandika G au M: giza au mbalamwezi. Mvuvi wa visiwani akikopa mafuta na unga wa kambi haahidi tarehe. Anasema, "Mama, giza likiingia nakuletea." Na ana haki, maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa hawaijali taa, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza.

Ndiyo maana nilifurahi sana kujua kwamba kalenda nayo ina undugu na madeni. Kwa Warumi, Kalendae ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi. Hapo kale kuhani alisubiri mwezi uandame, ukionekana anawatangazia watu, na jina lenyewe limetokana na huko kutangaza. Siku hiyohiyo riba za mikopo zilidaiwa, na daftari la mkopeshaji likaitwa kalendarium. Mwezi ulipofika robo waliita Nonae, na ulipokuwa mpevu, Idus. Mrumi wa enzi hizo angekaa na mvuvi wa Ukerewe wakaelewana malipo ni lini.

Tatizo ni kwamba miandamo 12 inatoa siku 354 tu, na jua lina 365 na ushee. Warumi walikuwa na mwaka wa siku 355, kwa hiyo makuhani walitakiwa kuchomeka mwezi wa ziada mara kwa mara ili majira yasipotee. Wakaanza kuchomeka kwa upendeleo: rafiki yao akiwa madarakani mwaka unarefushwa, adui akiwa madarakani unaachwa mfupi. Hili linaniudhi utadhani limetokea jana. Anayeshika kalenda ameshika madeni ya watu wote, na kusogeza tarehe kwa siri ni wizi. Julius Caesar ndiye aliyewakata mikono, akisaidiwa na mtaalamu wa nyota, Sosigenes wa Alexandria. Mwaka 46 KK ulipewa siku 445 ili kila kitu kirudi mahali pake, na kuanzia 45 KK hesabu ikafuata jua peke yake. Mkulima alipata nafuu. Ila miezi ya kwenye karatasi, iliyokuwa imeshaachana na mwezi wa angani hata kabla yake, haikurudi tena kwake, na kalenda tunayotundika ukutani imezaliwa na ile.

Januari ni ya Janus, mungu wa milango. Februari inatokana na ibada za kujitakasa, Machi na Mars, mungu wa vita. Ninakotaka kukaa mimi ni mwisho wa mwaka. Kwa Kilatini septem ni saba, octo nane, novem tisa, decem kumi. Zamani mwaka wa Warumi ulianza Machi, na ukihesabu kutoka hapo Septemba inakuwa ya saba kweli. Julai iliitwa Quintilis, yaani wa tano, mpaka mwaka 44 KK ilipopewa jina la Julius. Agosti iliitwa Sextilis, wa sita, mpaka mwaka 8 KK ilipopewa la Augustus. Tangu 153 KK viongozi wakuu wa Roma walianza kushika kazi tarehe 1 Januari, mwaka ukaanza kuhesabiwa kutoka hapo, na majina ya namba yakabaki palepale.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana wangu wa darasa la nne. Kwenye insha yake aliandika "mwezi wa tisa". Ikakatwa kwa kalamu nyekundu, juu ikaandikwa Septemba, na pembeni: lugha ya mtaani. Sikubali. Hapa Mwaloni dereva wa lori akipanga safari anasema mwezi wa tisa, mama lishe anasema hivyo, na mimi pia. Sikukuu za taifa zenyewe tunaziita Saba Saba na Nane Nane, na hakuna anayezikata kwa wino mwekundu. Isitoshe mtoto amehesabu sawasawa: ni wa tisa. Kilatini ndicho kinachosema saba.

Na majina ya wakubwa hayana uimara huo tunaodhani. Kaisari Nero wa Roma aliipa Aprili jina lake, Domitian akachukua Septemba na Oktoba, na walipoondoka majina hayo yakaondoka nao. Tiberius alipoombwa akubali mwezi uitwe kwa jina lake alikataa, akawauliza watafanyaje wakifikisha Kaisari wa kumi na tatu.

Waswahili wa pwani walikuwa na hesabu yao siku nyingi. Ramadhani ikiisha unaingia Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hivyo hivyo hadi Mfungo Kenda, halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Majirani zangu Waislamu bado wanaitaja Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi. Mimi ni Mkristo, lakini miezi hiyo naifuata daftarini kwa makini kwa sababu inakwenda na mwezi ninaouona. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita, mbalamwezi inakaribia kukamilika, kwa hiyo vijana wengi wako nchi kavu na wanahudhuria. Idi ya Mfungo Mosi ni kinyume chake: mwezi ndio kwanza umeandama, giza limeshika, dagaa wapo, na kila kijana anataka kuwa nyumbani kwao. Wabebaji wanakuwa wachache na magunia yanachelewa kuvuka. Kwa hiyo mvuvi akija kukopa kabla ya Ramadhani tunakubaliana kabisa, yeye na mimi, naandika mbele ya macho yake: deni la giza la Idi litalipwa Idi ikishapita, bila nyongeza.