Kutoka Aruvippuram hadi Sivagiri

Basi la kutoka Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo la Kerala kusini mwa India, liliniteremsha Neyyattinkara. Hapo nikapanda bajaji, tukapita katikati ya minazi na migomba hadi Aruvippuram, kando ya mto Neyyar. Ni katika mto huu ambamo Sri Narayana Guru, mwalimu wa dini na mwanamageuzi wa Kihindu, alizama usiku wa Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, mwaka 1888, akaibuka na jiwe, akalisimika ukingoni liabudiwe kama Shiva.

Kwa mgeni wa Kerala, hilo laweza kuonekana jambo dogo. Lakini kusimika mungu ilikuwa kazi ya Brahmin, mtu wa tabaka la juu la makuhani, peke yake, na Narayana alizaliwa Ezhava, jamii yenye wakulima na wagema tembo wengi. Ezhava hakuingia mahekalu makubwa, na mengine hata barabara za kando yake hakuruhusiwa kuzipita. Akikutana na Brahmin, alipaswa kukaa mbali asije akamtia unajisi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa amepata wapi mamlaka hayo, Guru alijibu kwa upole: huyu niliyemsimika ni Shiva wa Ezhava. Hakutukana wala hakuinua fimbo, na hoja yote ya matabaka ikakosa pa kushika. Nimesoma habari za wanamageuzi wengi, ila sijui jibu linalonigusa kama hilo.

Maandishi aliyoyaacha pale yanasema hapa ni mahali pa mfano, ambapo wote wanaishi kindugu bila utengano wa tabaka wala chuki ya dini.

Kisha nikashika treni kwenda Varkala, nikapanda kilima cha Sivagiri alikozikwa mwaka 1928. Njiani kuna hekalu la Sharada, mungu wa elimu, alilolianzisha mwaka 1912. Baadaye alihimiza watu wajenge shule kuliko mahekalu, na mwaka 1927 huko Kalavancode akaweka kioo mahali pa sanamu, mwabudu ajitazame. Gandhi naye alifika Sivagiri mwaka 1925 kuzungumza naye, wakati wa mapambano ya kudai watu wa matabaka ya chini waruhusiwe kupita barabara za hekalu la Vaikom. Mahekalu ya dola ya Travancore, ufalme uliotawala sehemu hizi wakati huo, yalifunguliwa kwa Wahindu wote mwaka 1936. Guru hakuishi kuyaona hayo, na jambo hilo linaniuma.

Kila mwisho wa Desemba mahujaji huja hapa wamevaa njano, na pamoja na sala husikiliza mafunzo ya usafi, kilimo, biashara na ufundi. Nitarudi wakati huo niwasikilize.