Tumerudi kutoka Pemba

Tumeshafika Dar, alhamdulillah. Mkondo wa Nungwi, ile bahari yenye mawimbi kati ya Pemba na Unguja, haukutuacha hivi hivi: baba watoto, aliyejigamba tangu Mkoani kwamba yeye bahari kaizoea, ndiye wa kwanza kuomba mfuko.

Lakini Wete! Msimu wa karafuu umepamba moto, majamvi yametandazwa hadi kando ya barabara. Jioni shangazi anawakalisha wanangu ukumbini wachambue, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, na porojo juu yake. Hawa ni watoto ambao nyumbani kuosha kikombe ni kesi. Vidole vyao bado vinanukia.

Kesho shule, kazi ya likizo haijaguswa. Na halua msiniulize, iliishia bandarini Malindi, Unguja, tukisubiri boti ya pili.