Mimi, mdogo wangu na ngazi za ghorofa ya tatu

Mimi na mdogo wangu tulianza kutembea siku moja, baada ya swala ya alfajiri, tukitoka Kibokoni na kuelekea barabara ya ufukweni ya Mama Ngina kabla jua la Mombasa halijaanza kuchoma. Tulipita njia ileile, tukarudi nyumba ileile na kula chungu kimoja, kwa sababu tunaishi pamoja na mpishi ni mimi. Mwaka ulipotimia, yeye alikuwa ameshuka kutoka kilo 84 hadi 71, nami nilikuwa nimeshuka kutoka kilo 91 hadi 86. Sikumwonea wivu, au niseme sikumwonea wivu sana, lakini hesabu hiyo ilinikaa moyoni, kwani mwalimu wa ukumbi mmoja wa mazoezi tuliowahi kujiandikisha alikuwa ametuambia, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwapo, kwamba hakuna mwili usioweza kupungua, kuna uvivu tu.

Kauli hiyo siikubali. Imechanganya mambo mawili, kupata siha na kupunguza uzito, ikayafanya jambo moja. La kwanza naamini karibu kila mtu analiweza kwa kadiri ya hali yake. La pili wengi wanaliweza kidogo na wachache wanaliweza sana, na kadiri yenyewe haiamuliwi na bidii peke yake.

Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti ambao laiti ningejua njia ya kumfikishia yule mwalimu wetu. Walichukua vijana wa kiume, jozi 12 za mapacha wa kufanana, wakawalisha, siku sita kwa wiki, kalori 1,000 kwa siku zaidi ya mahitaji yao, mpaka zikatimia siku 84 za kulishwa. Ziada ilikuwa ni ileile kwa wote, lakini aliyenenepa kidogo aliongezeka kilo 4.3 na aliyenenepa sana aliongezeka kilo 13.3. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba pacha na pacha mwenziwe walikaribiana, na tofauti kubwa ikawa baina ya jozi na jozi. Huwezi kusema kwamba aliyepata kilo 13 alikuwa mvivu au mlafi, kwa sababu wote walikuwa chini ya uangalizi na chakula chao kilikuwa kinapimwa. Mimi na mdogo wangu si mapacha. Yeye amechukua umbo la upande wa baba, nami nimemchukua nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa amewanda hata katika miaka ambayo nyumbani kwake kulipikwa mara moja kwa siku.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikiyatupia maumbile kila kitu. Mdogo wangu aliacha mahamri ya saa nne kazini na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ilhali mimi, kwa kuwa ndiye mpishi, huonja. Huonja mchuzi wa nazi, huonja wali kama umeiva, na nikikaanga viazi karai, cha kwanza huwa ni changu kwa ajili ya kupima chumvi. Katika ule mwaka wote kuonja kwangu hakukuhesabiwa mahali popote.

Wala aliyepungua hajapumzika. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha habari za washiriki 14 wa mashindano ya kupunguza uzito yaliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani, wakiwapima miaka sita baada ya mashindano. Wengi wao walikuwa wamerejesha sehemu kubwa ya kilo walizozipoteza, na miili yao ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado unajibana kama mwenye nyumba aliyewahi kuona njaa. Kwa hiyo ninapomwona mdogo wangu akisukuma sahani ya biriani ya harusini, najua kwamba hafanyi maringo. Isitoshe, sisi huku kukonda tunakufasiri vibaya: mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na akipungua huulizwa anaumwa nini, au ndoa ina matatizo gani. Mdogo wangu ameulizwa yote mawili katika arusi moja.

Sasa niseme habari ya siha, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Tunakaa ghorofa ya tatu. Zamani nilikuwa nikifika ghorofa ya pili husimama, nikashika ukuta na kupekua mkoba kana kwamba natafuta ufunguo, ili jirani akipita asijue kwamba pumzi imenikatika. Maji yakikosekana, jambo ambalo kwetu si geni, nilimlipa kijana wa mkokoteni anipandishie madumu. Siku hizi dumu la lita 10 nalipandisha mwenyewe bila ya kusimama, nalo nikilitua mlangoni naweza kumjibu salamu anayenisalimu. Sukari yangu, ambayo ilikuwa 6.4 kabla ya kula asubuhi, kiwango cha kutiliwa shaka, imeshuka hadi 5.5. Kilo zilizoniondoka ni tano tu.

Tano hizo nilizidharau mpaka niliposoma habari za utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu na kupata kisukari. Waliobadilisha chakula na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki walipungua wastani wa kilo 5.6, na hatari yao ya kupata kisukari ikawa chini kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Nimesema karibu kila mtu, sikusema kila mtu. Kuna mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kuna anayetumia dawa za steroidi au insulini zinazoongeza uzito, na kuna mama anayefunga kibanda chake cha mihogo saa tano usiku, ambaye ukimwambia atembee nusu saa alfajiri unamwibia usingizi. Hao kuwaita wavivu ni dhuluma.

Khalati yangu, ambaye ana miaka 74 na magoti mabovu, aliniuliza kama na yeye bado ana nafasi. Nilimsimulia habari za wazee wa Boston, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane katika utafiti wa Maria Fiatarone wa mwaka 1990, ambao nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Akanitazama kama anayedanganywa. Baada ya kumuuliza daktari wake, tulianza na kiti: kuinuka bila ya kushika kitu, kisha kuketi polepole. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu na kunilaumu kwa kumtia kazi. Jana alifika mara kumi na moja, akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akaagiza chai, na nilipomuuliza sukari vijiko vingapi, akasema, "Mwanangu, hilo hatukupatana."